Pampu sita zimeungua kwa miaka miwili: je, tubadilishe zote kila mwaka?

"Ninasimamia maji katika majengo tisa ya kupangisha hapa Mombasa, kati ya Tudor, Kizingo, Nyali na Bamburi. Maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hivyo kila jengo lina kisima chake, pampu moja ya kuzamishwa ya fezi tatu, na tangi la juu linalotosha siku moja. Miaka miwili iliyopita tulifunga pampu mpya kote, aina moja, muuzaji mmoja. Karatasi yake ilisema MTBF ni saa 40,000. Pampu hufanya kazi kama saa sita kwa siku. Tangu hapo sita zimeungua. Ya Tudor ilikwenda mwezi wa 14. Tukaweka mpya, ikaisha kwa mwezi mmoja. Tukaweka nyingine, ikafa baada ya miezi miwili. Iliyopo sasa ina miezi saba. Ya Kizingo ilikufa baada ya mwezi mmoja, ya Bamburi baada ya miezi mitatu, na moja ya Nyali mwezi wa 19. Nikipiga wastani, pampu inaishi karibu miezi saba. Kila ikiungua huchukua siku tano kupata nyingine na kuizamisha. Mwenye majengo anataka tubadilishe zote kila mwaka, nzima au mbovu. Mkwe wake anasema tuweke mbili kila jengo. Fundi wangu kila mara husema ni stima. Je, muuzaji alitudanganya? Na nifuate ushauri wa nani?"

Ndugu yangu, umeniletea kitu ambacho wengi wanaouliza huwa hawana: tarehe. Wengine huniambia "pampu zinakufa ovyo" na mazungumzo yanaishia hapo. Wewe umesema ipi ilikufa, jengo gani, baada ya muda gani. Kwa hayo tu tunaweza kufika mbali kabla hujatoa shilingi mfukoni, na naona wazi kwamba pesa unayotaka kutumia inaelekea pasipo na tatizo.

Tuanze na muuzaji. Saa 40,000 kwa matumizi ya saa sita kwa siku ni zaidi ya miaka 18. Ukiisoma namba hiyo kama ahadi kwamba kila pampu itakaa miaka 18, lazima uone umeibiwa. Lakini namba hiyo haisemi hivyo. MTBF ni wastani wa saa za kazi kati ya hitilafu moja na nyingine, na hesabu yake ni ya kundi zima la mashine. Kiwanda kinaweza kuendesha pampu 400, kila moja saa 1,000, jumla saa 400,000. Zikiharibika kumi, wanagawanya na kuandika 40,000. Katika jaribio hilo hakuna hata pampu moja iliyovuka saa 1,000, sembuse 40,000.

Fikiria vijana 1,000 wenye afya, na tuseme kwa mwaka hufariki mmoja. Kwa hesabu ya namna hii, kila kifo kimoja kina miaka 1,000 ya kuishi nyuma yake, na sote tunajua hakuna kijana atakayeishi miaka 1,000. Namba inaeleza ukubwa wa hatari katika umri ule waliopimwa. Haisemi neno kuhusu uzee. Tena, hata pale hatari inapokuwa ileile kila saa bila kupanda wala kushuka, mashine zinazofikia umri wa MTBF yake ni kama 37 katika kila 100.

Basi namba ile ina faida gani kwako? Inakupa kitu cha kulinganisha. Pampu zako tisa, saa sita kwa siku, siku 730, zimefanya kazi karibu saa 39,400 kwa jumla. Kama saa 40,000 zingekuwa kweli kwa visima vyako, ungetarajia hitilafu moja kwa miaka yote miwili. Umepata sita. Pale inapotarajiwa moja, bahati mbaya peke yake huleta sita au zaidi chini ya mara moja katika kila elfu. Kwa hivyo hisia yako ni sahihi: kuna jambo.

Ila jambo hilo si lazima liwe uongo wa muuzaji. Sisi tunaofanya kazi hii hatusemi kifaa "kinategemeka" hivi hivi tu. Tunasema kina nafasi kadhaa ya kufanya kazi fulani, kwa muda fulani, katika mazingira yaliyotajwa. Ukiondoa mazingira, namba haina maana. Karatasi ya pampu ya kuzamishwa huwa na ukurasa ambao wanunuzi hawauombi: maji yawe na joto lisilozidi kiasi fulani, mchanga usizidi kiasi fulani, volti zisicheze kupita kiwango, maji yapite kando ya mota kwa kasi fulani ili kuipoza. Mwombe ukurasa huo. Ukiona visima vyako viko nje ya masharti yale, basi uliuziwa pampu nzuri ya mahali pengine. Na kama muuzaji alijua ni visima vya Mombasa na hakuuliza chochote kuhusu chumvi, hapo una haki ya kumlaumu.

Sasa hesabu yako ya miezi saba. Ulichukua umri wa zilizokufa, 14, 1, 2, 1, 3 na 19, ukapata 40, ukagawa kwa sita. Hii hufanywa na watu makini kabisa, na hupotosha vibaya, kwa sababu umewahesabu marehemu na kuwaacha walio hai. Una pampu tano ambazo hazijaguswa tangu siku ya kwanza, kila moja ina miezi 24 na bado inapiga maji. Katika wastani wako hazimo hata moja. Pampu iliyo hai inakupa habari kubwa: haijui itakufa lini, lakini imeshathibitisha kwamba inaweza kufika hapo ilipofika. Hesabu iliyo sawa ni hii: majengo tisa mara miezi 24 ni miezi 216 ya kazi. Gawa kwa hitilafu sita. Unapata miezi 36, siyo saba. Kwa saa za kazi ni kama 6,570.

Na hata hiyo 6,570 usiishike kama msumari. Hitilafu sita ni chache. Kwa ushahidi wa kiasi hiki, tukitaka uhakika wa asilimia 90, thamani ya kweli inaweza kuwa popote kati ya saa 3,300 na 15,000 hivi. Upana huo unaudhi, lakini ni mkweli, na kitu kimoja kinasimama imara: hata ukingo wake wa juu uko mbali sana na 40,000.

Hadi hapo nimezichanganya pampu zote kwenye kapu moja. Habari yenyewe iko katika umri na mahali.

Mwaka 1951 mhandisi wa Uswidi, Waloddi Weibull, alichapisha njia ya kuchora umri wa vitu vinavyoharibika ambayo tunaitumia hadi leo. Mchoro wake hutoa namba moja inayoonyesha umbo la hatari. Ikiwa chini ya moja, hatari iko kubwa mwanzoni na hupungua kadiri kifaa kinavyokaa: hizo ni hitilafu za utotoni, zinazoletwa na ufungaji mbaya, kasoro ya kiwandani, au kifaa kisichofaa mahali pake. Ikikaribia moja, hatari ni ileile siku zote, kama radi au dharuba ya stima isiyochagua mpya na kuukuu. Ikizidi moja, ni uchakavu: beringi zinalika, mapangaboi ya ndani yanaisha, na hapo ndipo umri unapokuwa na maana.

Tazama zako. Kati ya sita, nne zilikufa zikiwa na miezi mitatu au chini ya hapo. Pampu haichakai kwa mwezi mmoja. Hakuna beringi inayolika kwa saa 180 za kazi. Nne hizi ziliuawa na kitu kilichokuwepo tayari siku zilipozamishwa.

Na nusu ya vifo vyote, vitatu kati ya sita, ni vya kisima kimoja cha Tudor. Hapa ningekaa zaidi kuliko mahali pengine popote katika swali lako. Pampu ya kwanza pale ilifanya kazi vizuri miezi 14. Kisha mbili zilizofuata, mpya, hazikuvuka miezi mitatu zikijumlishwa. Kilichobadilika si pampu, maana ni aina ileile. Kilichobadilika ni kisima, au paneli (boksi la stima linalowasha na kuzima pampu), au namna ya kufunga. Kinachoelekea sana ni kwamba kilichoua ya kwanza hakikuondoka. Mlitoa maiti mkaweka mwenzake palepale.

Uwezekano wa kwanza ni maji kushuka. Pampu ikivuta kuliko kisima kinavyojaza, maji huteremka hadi pampu inyonye hewa, na pampu ya kuzamishwa inayozunguka kavu hujiua yenyewe, kwa sababu maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Je, kuna vijiti vya kupimia kina cha maji ndani ya kisima, vinavyozima pampu maji yakipungua? Vinafanya kazi, au waya zake zilikatwa siku fulani "kwa muda" ili maji yapatikane haraka? Pili ni chumvi. Kisima kilicho karibu na mkono wa bahari kikivutwa kwa nguvu huanza kuita maji ya bahari chini kwa chini, na maji yaliyokuwa ya kuvumilika mwaka wa kwanza yanaweza kuwa makali mwaka wa pili. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, kinachotumika katika pampu nyingi za bei ya kawaida, kinaaminika mpaka kama miligramu 200 za kloridi kwa lita. Daraja la 316 hufika kama 1,000. Maji ya bahari yenyewe yana karibu 19,000. Kuyapima maji maabara ni gharama ndogo sana ukilinganisha na pampu moja, na sielewi kwa nini watu huzamisha pampu ya nne kabla ya kupima mara moja. Tatu ni kiungo cha kebo kinachokaa chini ya maji. Kikifungwa kwa haraka, maji huingia polepole, na pampu "huungua" huku mota yenyewe ikiwa haina kosa.

Kuna la nne linalosahaulika. Mota ya pampu hizi hupozwa na maji yanayopita kando yake yakielekea juu. Kama imeshushwa chini ya pale maji yanapoingilia kisimani, maji huifikia pampu kutoka juu na mota hubaki imesimama katika maji yaliyotuama, ikijipika. Dawa yake ni rahisi: kipande cha bomba kinachoivika mota kama kanzu, ili maji yalazimike kupita chini kwanza.

Unaweza kujua ni lipi kati ya haya bila kubahatisha, kama maiti bado zipo. Usiruhusu fundi auze pampu iliyoungua kwa chuma chakavu kabla haijafunguliwa mbele yako. Waya za ndani zikiwa nyeusi sawasawa fezi zote tatu, mota ilibeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu au ilikosa kupozwa. Fezi moja au mbili zikiwa nyeusi na iliyobaki safi, stima ilikuwa inakuja pungufu. Sehemu za plastiki ndani ya pampu zikiwa zimeyeyuka, ilizunguka kavu. Vishimo vidogo kwenye ganda la chuma, hiyo ni chumvi. Dakika ishirini na spana zinakupa jibu ambalo hesabu zangu zote haziwezi kukupa.

Nije kwa mwenye majengo. Wazo lake lina mantiki ya mtu wa gari: badilisha kabla haijakuangusha. Mantiki hiyo inafaa kwa kifaa kinachokufa kwa uzee. Mwaka 1978 F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United waliandika ripoti kwa ajili ya wizara ya ulinzi ya Marekani kuhusu vifaa vya ndege. Walikuta ni asilimia 11 tu ya aina za vifaa walizochunguza zilizoonyesha uchakavu ambao kuweka kikomo cha umri kungeusaidia. Asilimia 68 zilikuwa na hatari kubwa zaidi zikiwa mpya, kisha hatari ikatulia. Hizo ni ndege, siyo pampu, na sisemi asilimia zile ni zako. Lakini tarehe zako mwenyewe zinaelekea upande huohuo.

Mfanyie hesabu hii. Kwa miaka miwili mmefunga pampu mara 15: tisa za mwanzo na sita za kubadilisha. Nne kati ya 15 zilikufa ndani ya miezi mitatu. Mkibadilisha tisa kila mwaka, kwa mwendo huo mnajiletea vifo vya mapema viwili au zaidi kila mwaka. Hata tukiitoa Tudor kabisa kwenye hesabu, zinabaki mbili kati ya 11, na kwa pampu tisa ni karibu mbili vilevile. Kwa upande mwingine, vifo ambavyo kubadilisha kila mwaka kungezuia ni vile vinavyotokea baada ya mwezi wa 12, na hivyo ni viwili kwa miaka miwili, yaani kimoja kwa mwaka. Atalipia pampu tisa kila mwaka ili azuie kifo kimoja na kuleta viwili. Tena atazitoa pampu tano ambazo zimeshavuka hatari ya utotoni na kuweka mpya ambazo bado hazijaivuka.

Siku ya uchakavu itakuja, sikatai. Lakini utaiona ikija ukiwa unapima. Kila mwezi, andika ampia za kila fezi pampu ikiwa inafanya kazi, na muda inaochukua kujaza tangi. Kila miezi mitatu, fundi apime insulesheni (kinga ya waya inayozuia stima kuvuja) ya mota na kebo kwa kile kifaa wanachokiita megga. Namba moja peke yake haitoshi kuamua. Mwendo wake ndio wa kutazamwa. Insulesheni ikitoka megaohm kumi, ikafika tatu, ikafika moja, panga kuitoa wiki inayokufaa wewe, siyo usiku wa Idi wageni wakiwa wamejaa.

Wazo la mkwe, pampu mbili kila jengo, linavutia kwenye karatasi. Kama pampu moja ina nafasi 20 kati ya 100 ya kufa ndani ya mwaka, basi zote mbili kufa ni 4 kati ya 100, ikiwa kifo cha moja hakihusiani na cha nyingine. Sharti hilo ndilo linalovunjika. Ukiziweka kisima kimoja, paneli moja, stima ileile na maji yaleyale, kilichoua ya kwanza kinaingojea ya pili. Tudor imeshakuonyesha hivyo kwa kufuatana. Na visima vingi vya majengo ni vyembamba, havipokei mbili bila shida.

Kuna jambo jingine pia. Maji kufika kwa mpangaji kunategemea mnyororo: kisima, pampu, kebo, paneli, stima, bomba. Tuseme kila kimoja kina nafasi 98 kati ya 100 ya kumaliza mwaka bila hitilafu. Ukizidisha vyote sita unapata kama 89. Ukiongeza pampu ya pili, umeimarisha pete moja tu, na jumla inapanda hadi 90. Mkwe hajakosea kutaka akiba. Amekosea mahali pa kuiweka.

Iweke stoo. Angalia idadi hii: hitilafu sita, siku tano kila moja, ni siku 30 za pampu kulala, kati ya siku 6,570 za majengo yote. Upatikanaji wa pampu ni asilimia 99.5. Ukiandika hivyo kwenye ripoti inapendeza, na wapangaji wako bado wanakuchukia, kwa sababu tangi hufunika siku moja na zile nne zinazobaki mfereji umekauka. Wao hawaishi katika asilimia. Wanaishi katika siku za ndoo. Basi pima hizo: siku ambazo mfereji haukutoa maji, jengo kwa jengo. Kwa mwaka unazo 12 hivi.

Pampu zote ni za aina moja, na hiyo ni neema. Weka mbili stoo, pamoja na kebo, vifaa vya kuunganishia, na kontakta moja (swichi ya ndani ya paneli inayowasha mota). Patana na timu ya mafundi wenye winchi waje ndani ya siku moja. Siku tano zinakuwa moja, na tangi la juu linaifunika. Hujapunguza hitilafu hata moja, lakini mpangaji haoni kitu. Kwa kasi yako ya hitilafu tatu kwa mwaka, na tuseme inachukua wiki mbili kuagiza nyingine, ukiwa na akiba moja tu kuna nafasi kama 11 kati ya 100 kwamba nyingine itakufa kabla hujajaza stoo. Ukiwa na mbili, nafasi ya kuishiwa haifiki 1 kati ya 100. Ya tatu haihitajiki. Na kabla hujaiweka akiba ukutani, izungushe na kuipima: pampu iliyokaa stoo kwenye hewa ya chumvi bila kuguswa si akiba ya kutegemea.

Sasa fundi wako na stima yake. Huenda ana haki, lakini "ni stima" ni kauli inayoweza kupimwa, kwa hivyo ipimwe. Volti kati ya fezi zikiwa 415, 402 na 390, macho huziona ziko karibu. Wastani ni 402.3, na iliyo mbali zaidi imekwenda 12.7, yaani zaidi kidogo ya asilimia 3. Kanuni tunayotumia kwa makadirio ni kwamba ongezeko la joto la mota, kwa asilimia, ni kama mara mbili ya mraba wa tofauti hiyo. Mbili mara 3.15 mara 3.15 ni karibu 20. Mota ambayo ingepanda digrii 50 sasa inapanda 60. Na kila digrii 10 zinazoongezeka hukata maisha ya insulesheni kwa takriban nusu. Tofauti ndogo ya volti, nusu ya maisha imekwenda.

Lakini chunguza inatoka wapi kabla ya kuilaumu kampuni ya stima. Hapa kwetu hewa ya bahari hula shaba. Fungua paneli yoyote iliyokaa miaka miwili karibu na ufuo uone kutu ya kijani kwenye viungo. Kontakta ikiwa na mguso mmoja ulioungua, fezi hiyo hufika kwa mota ikiwa dhaifu au haifiki kabisa, ingawa nje kwenye mita zote tatu ziko sawa. Ndiyo maana fundi apime mahali pawili: kabla ya kontakta na baada yake, pampu ikiwa na mzigo. Tofauti ikitokea kati ya pale pawili, tatizo ni la paneli yenu na dawa yake ni kontakta mpya na boksi lisilopitisha hewa. Atazame pia ovalodi, ile kinga inayokata stima mota ikizidiwa, imewekwa ampia ngapi. Mara nyingi huikuta imepandishwa juu, kwa sababu ilikuwa "inakatakata" na kumsumbua mtu. Ilikuwa inakata kwa sababu ilikuwa inaokoa mota. Relei inayozima fezi ikikosekana au volti zikipotoka ni kitu kidogo, na ningeifunga majengo yote tisa kabla ya kununua hata pampu moja ya ziada.

Kizingo na Bamburi, zilizokufa mapema kisha zilizofuata zikaishi, zinasomeka tofauti na Tudor. Kisima ni kilekile, mahali ni palepale, ya pili inaendelea vizuri. Hapo nashuku ufungaji wa mara ya kwanza au kasoro ya pampu yenyewe. Dai dhamana, hata kama imechelewa, tarehe unazo. Ile ya Nyali ya mwezi wa 19 ni moja tu, na sitaijengea nadharia.

Anza daftari leo. Kila pampu iwe na ukurasa: tarehe ya kuzamishwa, nani alifunga, kina cha pampu, kina cha maji ikiwa imelala na ikiwa inavuta, ampia na volti za fezi zote siku ya kwanza. Funga mita ya saa kwenye kila paneli, maana "kama saa sita" huenda ni nne Kizingo na kumi Tudor, na hilo peke yake linaweza kugeuza nusu ya hesabu zangu. Hesabu pia ni mara ngapi pampu inawaka kwa saa. Kila kuwaka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida, na valvu isiyorudisha maji ikivuja, pampu inaweza kuwa inawaka na kuzima siku nzima bila mtu kujua.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Paneli isifunguliwe na mlinzi wala na wewe. Awe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini Kenya. Mtu yeyote akihisi kutetemeshwa akishika mfereji au bomba, zima stima ya pampu hapohapo na usiiwashe hata kama jengo zima linalalamika, mpaka waya wa ardhi (athi) na kebo vikaguliwe. Maji yakibadilika ladha ghafla, yakatoka na mchanga, au yakapungua, mwite mtaalamu wa visima aje na kamera na afanye jaribio la kuvuta maji, akuambie kisima kinatoa lita ngapi kwa saa bila kushuka kupita kiasi. Huenda jibu likawa pampu ndogo zaidi inayofanya kazi saa nyingi zaidi, na hilo ni jibu zuri.

Tudor usisubiri dalili. Pampu iliyopo ina miezi saba na ya kwanza ilifika 14, kwa hivyo bado haijathibitisha chochote. Mpate mtaalamu huyo apime kina cha maji na chumvi sasa, kisha arudie katika joto la Januari hadi Machi, kabla masika hayajaanza, wakati visima viko chini na kila jengo jirani linavuta kwa nguvu.